Maji ya Kijiji cha Binti

Kamaldih, 24 Novemba 1993

Baba yangu mpendwa,

Nagusa miguu yako. Sisi huku wazima, na namwomba mungu wetu wa kike Bhagwati barua hii ikukute nawe mzima. Mfungo wa jua umekwisha salama. Mama mkwe alisimama mtoni maji kiunoni kuanzia alfajiri mpaka jua likachomoza, akatoka anatetemeka, akasema mwaka ujao jua litafute mtu mwingine wa kuliabudu. Alisema hivyohivyo mwaka jana. Mjukuu wako Nutan ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kila akisema "sukari". Mume wangu Shailendra yuko palepale duka la dawa, anakusalimu.

Sasa Baba, niseme kilichonikalisha kuandika. Barua yako ya mwezi wa tisa imefika juzi, baada ya kuzunguka miji mikuu ya nchi mbili ili kuvuka kilomita ishirini na mbili. Ukurasa wa pili una mistari mitatu uliyoiandika juu ya mistari mitatu mingine. Niliigeuza huku na huku, nikampa Shailendra, naye akaigeuza. Haisomeki. Baba, wewe ndiye uliyenichapa vidole kwa rula kwa sababu herufi zangu zilikuwa zinapanda mlima. Mtu aliyekuwa mpima ardhi wa serikali miaka thelathini na mmoja, ambaye ramani zake hazikuwahi kurudishwa, haandiki mstari juu ya mstari akiwa mzima. Macho yako yakoje? Tangu Mama afariki unaishi peke yako humo ndani, na mimi ndiye mtoto wako wa pekee. Nina haki ya kuuliza.

Hapa kwetu kuna hospitali ya macho, unaijua. Watu wanatoka mbali kuliko wewe, wanakuja na vikapu na mablanketi, wanapasuliwa mtoto wa jicho, wanarudi kwao wanahesabu kunguru juu ya mti. Shailendra amezungumza na daktari. Mwezi wa pili ndio wakati mzuri, kabla joto halijaanza, kwa maana joto huchelewesha kidonda kupona. Njoo.

Najua utakachosema kuhusu maji. Nijibu kwanza kuhusu macho.

Binti yako,
Bibha

*

Nawtol, 18 Desemba 1993

Mwanangu Bibha,

Baraka zangu kwako, kwa mkwe wangu, na kwa Nutan mwenye pengo. Mama mkwe wako mpe heshima zangu. Mwambie jua halitapata mwingine kama yeye. Huku ukungu umeshuka siku ya tano hatuoni hata kisima. Haradali imechanua vizuri. Ng'ombe amezaa jike.

Kuhusu mwandiko: wino wa siku hizi ni wa hovyo. Unatambaa. Nimebadilisha kalamu, na kama unavyoona, sasa naandika herufi kubwa ili nawe usipate shida ya kusoma, kwa sababu nimeanza kuwa na wasiwasi na macho yako.

Kuhusu hospitali, umenijibia mwenyewe. Baba wa binti hanywi maji ya kijiji alikomwoza. Baba yangu hakunywa, na babu yangu alirudi na kiu kutoka kwa shangazi zangu wote wanne. Nutan alipozaliwa nilikuja mpaka kwenye nguzo ya mpaka, nikasimama katika ule ukanda wa hatua kumi usio wa nchi yoyote, mkaniletea mtoto nikambeba palepale, nikarudi na njaa yangu. Hakuna mtu wa Kamaldih awezaye kusema Jugeshwar Lal alimtoa binti yake kisha akaja kula jasho lake. Ni jambo dogo, lakini ndilo nililokupa ulipoondoka, na sitalichukua tena uzeeni.

Hapa macho yangu yananitosha. Vitu ninavyohitaji kuviona najua vilipo.

Baba yako,
Jugeshwar Lal Karna

*

Kamaldih, 4 Januari 1994

Baba yangu,

Nagusa miguu yako. Sote wazima. Barua hii haipiti posta, namkabidhi Jasoda muuza bangili, maana yeye anavuka kila siku ya soko na hana haja ya mihuri.

Na ni Jasoda huyohuyo aliyeniambia. Alikuja juzi na kikapu chake, akakaa barazani, akaanza kunivisha bangili za lakiri mkononi, kimya. Jasoda akiwa kimya ujue kuna msiba. Nikamwambia, "Shangazi, sema."

"Niseme nini? Baba yako ni mzima."

"Mzima vipi?"

"Mzima kama kipofu alivyo mzima. Nilipita kwake, akanikaribisha chai, akatia chumvi. Nikanywa. Ningefanyaje, mtu mzima kanikaribisha! Nikamwonyesha bangili nyekundu na za kijani, nikamwuliza zipi nikuletee. Akazishika, akazipapasa, akasema hizi za bluu nzuri sana. Za bluu! Mwanangu, sina bluu mwaka wa pili huu."

Kisha akaniambia una kovu kwenye paji la uso kwa sababu ya ukingo wa kisima. Kwamba umefunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, na majirani umewaambia ni ya kuanikia nguo. Baba! Kamba ya nguo kwenda chooni!

Nililia, sikufichi. Halafu nikakasirika, na bado nimekasirika ninapoandika. Nilikwenda kwa daktari mwenyewe nikamweleza kila kitu. Amesema jicho ambalo halioni hata mwanga wa taa huenda limekwisha. Lile linaloona mwanga linaweza kuokolewa, lakini mtoto wa jicho akiiva kupita kiasi hupasukia ndani, na hapo hakuna mkono wa binadamu utakaosaidia. Amesema mwezi wa pili. Hakusema mwaka ujao.

Maji njoo nayo. Mtungi mzima, mitungi miwili, leta na kisima chenyewe ukitaka. Mchele wako, chumvi yako, hata kuni zako. Nitakupikia uani kwa hospitali au hata nisikupikie, atapika Jasoda. Sitakuomba utie mguu nyumbani kwangu. Nimekuwekea nafasi tarehe kumi na sita.

Binti yako mwenye hasira,
Bibha

*

Nawtol, 12 Januari 1994

Kwa mwanangu Bibha, baraka.

Mwandiko huu ni wa Bindeshwar, tarishi wa posta, ambaye nimemwomba aandike kwa kuwa mkono wangu una baridi yabisi. (Bibha mwanangu, ni mimi Bindeshwar. Mkono wake hauna kitu, asubuhi alikuwa anapasua kuni. Barua yako nimemsomea mimi hapa kwenye kibanda cha chai, mbele ya watu sita, maana nyumbani kwake hamna mwanga. Ile ya kamba ya chooni ilituchekesha sana. Yeye hakucheka.)

Tuko wazima. Ndama anakua.

Umepata mambo mengi kwa Jasoda. Jasoda ni mwanamke mwema lakini ulimi wake hauna breki. Bangili zilikuwa za bluu.

Nashukuru kwa nafasi uliyoniwekea. Mpe mtu mwingine. Si maji peke yake, Bibha. Hata nikija na mto mzima, nitakuwa nimekuja Kamaldih, nimelala Kamaldih, nimehudumiwa na binti. Na kama linawezekana sasa kwa ajili ya jicho langu mimi, basi lingewezekana pia ile Jumatano ya mwezi wa Magh, mama yako aliponiambia nifunge ng'ombe kwenye gari nimpeleke kwako, nami nikamwambia mama wa binti hali kwa

(Hapa mzee amekatisha. Nimekunywa chai kikombe kizima nikimsubiri. Nimemwuliza niendelee na nini, akasema futa. Nimemwambia wino haufutiki. Akasema basi acha.)

Sitakuja. Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Jugeshwar Lal Karna
kwa mkono wa Bindeshwar (ambaye anasema uandike tena upesi)

*

Kamaldih, 15 Januari 1994

Baba yangu, nagusa miguu yako. Na wewe baba yangu Bindeshwar, heshima zangu. Kunywa chai kwanza, halafu usome kwa sauti, nataka na waliokaa benchi la nyuma wasikie.

Jana ilikuwa sikukuu ya ufuta. Mama mkwe alitulisha ufuta na sukari guru viganjani, mimi, Shailendra na Nutan, akatuuliza mara tatu kama ada, "Utanibeba?" Tukajibu mara tatu, "Nitakubeba." Nutan akaongeza, "Lakini punguza kula, bibi." Tukacheka mpaka machozi, kisha yale yangu yakaendelea.

Sasa nawauliza nyinyi mliokaa hapo, mashahidi wangu. Nilipokuwa mtoto, katika nyumba ile ya Nawtol, nani alinyoosha kiganja kila mwaka akapewa ufuta? Kulikuwa na mtoto wa kiume humo ndani? Hakukuwa. Nilikuwa mimi. Mama aliniuliza mara tatu, Baba akaniuliza mara tatu, na mimi nikajibu, mbele ya Bhagwati wa nyumba, nitawabeba uzeeni. Hakuna aliyeniambia kwamba nikivuka mpaka ufuta ule unageuka kuwa mchanga. Baba ameshika desturi moja kwa mikono miwili, na nyingine ameitupa. Mwulizeni amepimaje. Yeye ni mpima.

Mama mkwe anasema nimwandikie neno lake kama lilivyo, nami naliandika: "Mwambie mkwe mwenzangu kwamba miaka kumi na moja namsubiri nimwimbie nyimbo za matusi za kuwatania wakwe kama ada, na sauti yangu inakwisha. Mwambie akichelewa nitamwimbia matangani."

Mwisho, Baba. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ndogo. Jasoda ameifunga kwa lakiri yake ya bangili, na Bindeshwar akithubutu kuigusa nitamshtaki kwa mkuu wake wa posta. Ni habari ya Mama. Ni jambo alilonikataza kukuambia alipokuwa hai, na nimelinyamazia miaka mitatu tangu afariki. Linahusu hiyo Jumatano uliyoshindwa kuimaliza. Sitalisema kwa mdomo wangu, wala halitasomwa na mtu kibandani. Litasomwa na wewe, kwa jicho lako. Ukitaka kujua mke wako alikuwa na nini moyoni, tarehe kumi na sita uwe kitandani hospitalini.

Ukiona nimekukosea adabu, ni kweli nimekukosea.

Bibha

*

Nawtol, 2 Februari 1994

Kwa Bibha, baraka.

(Bindeshwar tena. Barua ya lakiri anatembea nayo mfukoni, anaipapasa. Mara moja aliniomba niinue juani tuone kama maandishi yanapenya. Hayakupenya. Jasoda anajua kazi yake.)

Nimelitafakari suala la ardhi. Mwaka 1962 nilikuwa katika kikosi cha pamoja kilichopima upande wenu, na mnyororo niliushika mimi. Kijiji cha Kamaldih kinaishia magharibi mwa mfereji. Hospitali, kwa maelezo ya kila aliyetoka huko, iko mashariki mwa mfereji. Kwa hiyo hospitali haimo katika kijiji nilikomwoza binti yangu. Nikilala hapo sijalala Kamaldih. Hili ni la kiufundi na halina uhusiano wowote na barua yako ya utovu wa adabu.

Nitakuja kwa gari la ng'ombe la Jasoda tarehe kumi na tano. Nitaleta maji yangu, mchele wangu na blanketi langu. Sitapita mbele ya nyumba yako nikienda. Mama mkwe wako asije kuniimbia hospitalini, kuna wagonjwa.

Umekuwa mkaidi. Sijui umetoa wapi.

Jugeshwar Lal Karna
(Umetoa kwake. Bindeshwar.)

*

Kamaldih, 9 Machi 1994

Baba yangu,

Nagusa miguu yako. Tuko wazima, Nutan meno yanaota mawili kwa pamoja kama sungura. Mahindi ya mapema yamechipua.

Leo ni siku ya kumi na nane tangu uondoke. Daktari alisema jicho ni zuri, kidonda ni safi, na Shailendra alikutumia miwani kwa Jasoda tarehe mbili. Jasoda amekula kiapo kwamba aliikabidhi mikononi mwako na kwamba siku iliyofuata ulimwambia sari yake imechanika. Kwa hiyo unaona.

Basi kwa nini kimya?

Siku ile ya kuondoka nilisimama mlangoni na Nutan. Nyumba yetu ni hatua mia tatu kutoka lango la hospitali. Gari la ng'ombe lilipita hapo hapo, maana barabara ni moja. Jicho lako lilikuwa bado limefungwa, lakini ulijua tulipo, kwa kuwa Nutan alikuita "Babu!" kwa nguvu zake zote. Ukageuza uso upande wa mashamba. Mtoto aliniuliza amekukosea nini.

Nakiri nilikuficha kitu kimoja. Mfereji wako wa mwaka 1962 ulifukiwa. Waliuhamisha mbali, mashariki kabisa, nilipokuwa nina mimba ya Nutan. Hospitali imo ndani ya Kamaldih, tena katikati. Ulipoleta hoja ile nilitaka kukuambia, nikajifunga mdomo. Kama hilo ndilo lililokukasirisha, na kuna mtu amekunong'oneza, nikasirikie mimi, mtoto mwache.

Mengine ya hospitalini tutazungumza siku nyingine. Lakini barua ya lakiri, umeisoma? Niambie umeisoma au umeitia motoni. Siwezi kulala vizuri bila kujua.

Bibha

*

(Barua iliyofungwa kwa lakiri)

Kamaldih, 15 Januari 1994

Baba,

Kama unasoma haya mwenyewe, basi nimeshinda, na hutaweza kunichapa vidole maana uko mbali.

Mama alikuja kwangu. Alikuja mara mbili.

Mara ya kwanza Nutan alikuwa na mwaka mmoja. Alikuambia anakwenda kuoga mtoni kwa ajili ya sikukuu ya mwezi mpevu wa Kartik, pamoja na wanawake wengine, na ni kweli alikwenda, ila alipomaliza kuoga alipanda gari la Jasoda, akavuka mpaka na nywele zikiwa bado zimelowa. Nilimwona anaingia uani kwangu amejitanda uso kama bibi harusi. Nilipiga kelele. Mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi akidhani ni mwizi.

Nilimwambia, "Mama, kaa, lakini sikupi kitu, nisije nikakutia dhambini." Akasema, "Wee! Nimetoka Nawtol usiku wa manane, nimeoga maji ya barafu, halafu unaninyima wali? Pika." Nikapika samaki kwa haradali. Nilimwekea kichwa cha samaki kwenye sahani, akakitazama kwa muda. Akasema nyumbani kichwa ni cha mwenye nyumba, hajakila tangu aolewe. Akakila chote, Baba. Alinyonya mpaka mifupa. Alikaa jikoni, mgongo ukutani karibu na pipa la mchele, Nutan mapajani, akawa anacheka na mama mkwe wangu mpaka wakashikana mabega. Akanywa maji vikombe viwili.

Mara ya pili ilikuwa Kartik ile ya mwisho, miezi mitatu kabla hajafariki. Alikuwa amekonda. Alikula kidogo. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Nimechoka kuja kwako kama mwizi. Safari ijayo namleta yule mzee. Nitamwambia afunge ng'ombe, na nitakaa pembeni yake mchana kweupe, watu waone." Nikamwambia hatakubali. Akasema, "Atakataa mara ya kwanza. Huwa anakataa mara ya kwanza."

Ile Jumatano ilikuwa mara ya kwanza, Baba. Mara ya pili hakupata nafasi ya kukuomba.

Jasoda ndiye aliyeniambia kwamba ulimkatalia, na najua umeibeba siku hiyo peke yako tangu wakati huo. Sitakudanganya kwamba hakuumia. Lakini hukumnyima kuniona, wala hukumnyima wali wangu, wala mjukuu wake. Alikuwa amekwisha kuvipata. Aliponiomba nisikuambie, hakuwa anakuogopa. Alisema, "Akijua nilikula bila yeye, atajiona mjinga, na mimi sipendi watu wamwone mjinga."

Alichokuwa anakitaka ni mwende wawili.

Bibha

*

Nawtol, 17 Machi 1994

Mwanangu Bibha,

Baraka nyingi kwako, kwa mkwe wangu Shailendra, kwa Nutan na meno yake mapya. Tazama mistari. Hakuna ulioparamia mwingine. Miwani ni mizito kama vitako vya chupa na kila kitu kinanijia kikubwa mno: jana nilimpiga fimbo mende nikidhani ni panya. Bindeshwar nimemwona vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Nikamwambia amezeeka vibaya. Amenuna.

Mfereji najua ulihamishwa. Nilijua kabla sijakuandikia. Mpima ardhi husoma matangazo ya serikali hata akistaafu. Nilihitaji hoja, na wewe ukawa na heshima ya kuniachia.

Miwani ilinifikia tarehe tatu. Barua ya lakiri nimeifungua jana. Siku zote hizo kumi na tatu ilikuwa chini ya godoro, nami naona vizuri kabisa, nimekaa juu yake kama kuku. Umeniuliza kwa nini. Nitakujibu bila kuzunguka, kama nilivyokuwa nikijibu mahakamani katika kesi za mipaka.

Siku ya tatu hospitalini mtungi wangu uliisha asubuhi. Ulipokwenda kuchukua dawa niliuinua mwenyewe, nikaukuta mtupu. Nikaamua kuvumilia mpaka Jasoda alete mwingine. Jasoda hakuja. Adhuhuri nikasikia pampu ya mkono uani inalia, kisha hatua zako, kisha maji yanamiminwa mtungini polepole, kama vile anayemimina hataki kusikika. Ukaja ukaniambia, "Baba kunywa, haya ni ya nyumbani, yalibaki kidogo." Tangu utoto wako hujui kusema uongo, sauti yako hupanda juu. Nilijua ni maji gani. Nikanywa. Nikaomba kikombe cha pili, nikanywa na hicho.

Baadaye nikalala pale na kitambaa machoni, nikaisikiliza Kamaldih. Miaka kumi na moja nimekiogopa kijiji hicho. Baiskeli ikapita. Mwanamke akamwita mbuzi wake kwa jina. Askari wa mpaka akakoroma kibandani mwake mchana kweupe, na hakuna aliyemwamsha, kwa sababu hakuna kinachopita. Maji yalikuwa maji. Hakuna aliyeniita mla jasho la binti. Nikawaza: kumbe ni hivi tu? Ni kwa ajili ya hiki nilimfanya mama yako alale kitandani Jumatano nzima akitazama ukuta? Kama yangekuwa machungu ningefarijika. Yalikuwa matamu, na kiu yangu ikakatika, na nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Ndiyo maana niligeuza uso. Mwambie Nutan hajakosa. Babu yake hakuwa na uso wa kumwonyesha.

Na ndiyo maana sikufungua barua. Nilidhani ndani mna malalamiko yake. Nilisema acha nikae na jicho langu jipya siku chache kabla sijasoma nilivyokuwa mtu mbaya.

Jana nikaifungua. Nimeisoma mara saba. Bindeshwar alikuja kuleta barua yako akanikuta uani ninacheka, na machozi yanaingia nyuma ya miwani, akadhani kidonda kimepasuka, akakimbia kumwita mganga.

Kartik mbili! Na nywele zimelowa! Niliishi naye miaka thelathini na minne, nikapima mashamba ya wilaya tatu, na sikujua mke wangu anakwenda wapi mwezi mpevu. Jasoda nimemwita. Nimemwambia wewe ni msaliti, ukachukue ndama jike ni wako. Ameogopa, hajui kama ni adhabu au zawadi. Hata mimi sijui.

Lile la kichwa cha samaki limenikaa kooni. Ni kweli. Miaka yote alikuwa ananiwekea mimi, na mimi nikawa nakila, na sikuwahi kumwuliza. Nilidhani hapendi.

Alikuwa sahihi kwamba mimi hukataa mara ya kwanza. Wewe umeniomba zaidi ya mara moja, kwa hiyo hesabu yangu imetimia. Jumanne ijayo nafunga ng'ombe mwenyewe, kwenye gari langu, sivuki na Jasoda wala sijifichi. Nitapita barabarani mchana. Mama mkwe wako aandae nyimbo zake, na asipunguze tusi hata moja.

Sitaleta mtungi. Pika samaki kwa haradali. Nionyeshe pale karibu na pipa la mchele, nitakaa hapohapo. Kichwa usinipe mimi. Ukile wewe, mwanangu, nami nikutazame.

Baba yako,
Jugeshwar Lal